Nicanor Hajafika

Kama ungekutana na Kalekye asubuhi ile ya Jumatatu, katikati ya Januari ya mwaka elfu mbili na nane, ungempisha njia bila kuuliza. Alikuwa ametoka Kawangware kwa miguu, kopo la uji mkononi, midomo ameikaza, anakanyaga ardhi kama mtu aliyetukanwa nayo. Vijana waliokuwa wamekalia matairi karibu na kituo cha Olympic walimtazama kidogo, kisha mmoja akasema, "Mathe, pita tu." Hata wao waliona huyu si wa kusimamishwa.

Alikuwa anakwenda kumwona baba yake. Na usimwonee huruma haraka hivyo, maana yeye mwenyewe huruma ilikuwa imemwishia tangu mwaka mpya. Miaka arobaini na moja, watoto watatu, sufuria ya muthokoi, mahindi ya kukoboa na maharagwe, isiyo na wateja kwa sababu mafundi wa mjengo wote wamejificha, halafu baba mzee, akili nusu, aliyekataa katakata kuondoka mahali ambapo watu walikuwa wanauawa. Wewe ungeitoa wapi huruma?

Baba yake aliitwa Mzee Ndululu. Alikuwa soja, si wa jeshini, soja wa geti tangu ujana wake. Kwa miaka ishirini na miwili alilinda duka la Waithaka la vifaa vya ujenzi pale Kianda, upande wa magharibi wa Kibera. Simiti, misumari, mabati, rangi. Yeye alishika mchana, na mwenzake Nicanor, mtu wa Busia, akashika usiku. Saa kumi na mbili jioni Nicanor alifika, wakakagua kufuli pamoja, wakatia sahihi kwenye kitabu cha lindo, Mzee akajiendea chumbani alikopanga kwa Mama Kaltuma. Saa kumi na mbili asubuhi wakarudia yale yale. Ndiyo yalikuwa maisha yake, na hakuna aliyeona ajabu.

Kusahau kulianza kidogo kidogo, miaka miwili kabla ya haya. Leo amefunga kufuli na ufunguo ameuacha ndani, kesho anauliza mkewe amekwenda wapi, na mkewe ana miaka sita kaburini huko Kitui. Siku moja alimvaa Mama Kaltuma mbele ya watu, akamwita mwizi wa viatu, na viatu vyenyewe amevivaa. Kalekye akampeleka kliniki. Daktari kijana akamuuliza, "Mzee, leo ni siku gani?" Mzee akamtazama kwa masikitiko makubwa. "Kwani wewe husomi gazeti?"

Daktari alimvuta Kalekye kando, akamwambia huo haukuwa uzee tu, wala asikubali mtu amdanganye kwamba ni kurogwa. Ulionekana kuwa ule ugonjwa wa wazee wa kupoteza kumbukumbu, ila ili kuwa na hakika lazima apimwe hospitali kubwa. Mzee akasimama, akavaa kofia. "Mimi si mwendawazimu. Nina kazi." Hospitali kubwa hakukanyaga. Mtu wa kumuoshea nguo alimfukuza. Dawa ya presha aliitupa, akasema ni sumu ya panya. Kalekye alipomwambia ahamie kwake Kawangware, alimjibu kwamba wanaume hawahamii kwa watoto.

Waithaka, kwa kumheshimu, alimwacha aendelee kukaa getini. Hilo lilikuwa jambo la utu, na Kalekye alimshukuru kwalo. Sasa alikuwa akimlaani kwa jambo lilo hilo.

Maana Jumapili ile ya mwisho wa Desemba, matokeo ya kura yaliposomwa, Kianda ililipuka. Waithaka, kwa kuwa aliyetangazwa mshindi alikuwa Mkikuyu mwenzake, alitoroka na familia yake na nguo walizovaa, wakaenda kulala uwanja wa maonyesho wa Jamhuri pamoja na mamia ya wengine. Duka likachomwa. Mabati yakabebwa, simiti ikabebwa, rangi ikamwagika mpaka mtaroni. Kilichobaki ni geti la chuma kwenye nguzo zake mbili za mawe, na kando yake kibanda kidogo cha askari ambacho moto ulikiruka, sijui kwa nini. Ndani ya kibanda, Mzee Ndululu.

"Baba, twende," Kalekye alimwambia alipofanikiwa kufika, siku ya tatu.

"Nicanor hajafika," Mzee akajibu.

Nicanor alikuwa amekwenda kwao Busia kupiga kura na kula Krismasi, na barabara zilikuwa zimefungwa, hakuna basi linalotoka wala linaloingia. Kalekye alimweleza. Akamweleza tena. Kesho yake akamweleza tena, na Mzee kila mara alisikiliza kwa adabu, akatikisa kichwa, akasema, "Sawa. Nitamngoja."

Analala pale. Anakula pale, chakula anacholetewa na Mama Kaltuma. Kujisaidia anakwenda nyuma ya ukuta ulioanguka na kurudi mbio, asije mtu akapita geti halina mwenyewe. Victor, kaka yake Kalekye aliyekuwa akifanya kazi Mombasa, alikuwa akipiga simu kila jioni.

"Umejaribu kuongea naye polepole?"

"Polepole njoo uongee wewe."

"Sista, hasira haisaidii."

"Victor, ukiniambia tena neno polepole, nitakukatia simu na undugu."

Na alijaribu kila kitu, usidhani hakujaribu. Tarehe tano, mji ulipotulia kidogo, alileta wanaume wawili wa kanisani wakambeba Mzee mzobemzobe. Alimuuma mmoja mkono. Wakamfikisha Kawangware, Kalekye akamkalisha kitandani, akampa chai ya maziwa na mkate. Mzee akanywa vizuri, akashukuru, akauliza choo kiko wapi. Hakurudi. Walimtafuta mpaka saa tisa, na saa tisa Mama Kaltuma akapiga simu: yuko getini, amevaa slipasi za Kalekye, miguu inatoka damu.

"Jina langu amesahau!" Kalekye alipiga kelele kwenye simu hata majirani wakatoka nje. "Mimi niliyepewa jina la mama yake mzazi! Lakini njia ya kwenda kwa geti la Waithaka hajasahau!"

Mwanzoni vijana wa mtaa walimwona kichekesho. Walimwita Afande, wakampigia saluti, mmoja akawa anamletea andazi. Halafu Jumanne ya tarehe nane mkubwa mmoja wa Ukambani akapokea cheo katika serikali ambayo Kibera iliikataa, na kufikia jioni kila Mkamba wa Kibera akawa msaliti. Hata huyu mzee wa Kitui asiyejua nani aligombea nini. Andazi likakoma. Ijumaa walikuja wanane na sululu, wakang'oa geti. Wakamwambia, "Mzee, simama kando kidogo," naye akasimama kando, akapuliza filimbi mpaka walipomaliza na kulibeba. Basi akabaki analinda nguzo mbili, na katikati ya nguzo hewa.

Hapo ndipo tulipofika na kopo la uji. Jumatano kulikuwa kumeitishwa maandamano. Kila mtu alijua polisi watakuja na risasi, na njia ya kutoka Kianda kwenda lami inapita mbele ya nguzo zile mbili. Jumapili jioni kijana mmoja, yule yule wa maandazi, alikuwa amemwambia Mama Kaltuma kwa sauti ya chini, "Mama, huyo mzee Jumatano asikuwe hapo. Si mimi nitamfanyia kitu. Lakini sitakuwa peke yangu." Siku mbili tu.

Mzee alikuwa amesimama wima katikati ya nguzo, koti lake refu limejaa majivu, rungu kwapani.

"Wewe mama. Kitambulisho."

"Baba, ni mimi."

"Kila mwizi husema ni mimi."

"Kunywa uji."

"Askari hali cha mtu asiyemjua."

Kalekye akavuta pumzi. Akakumbuka polepole ya Victor, akaijaribu, Mungu shahidi. "Baba, sikiliza. Jumatano kutakuwa na vita hapa. Twende nyumbani, siku tatu tu, halafu utarudi."

"Nicanor hajafika."

"Nicanor yuko Busia!" Pumzi yote ile ikatoka kwa mara moja. "Nicanor hatakuja! Waithaka hatakuja! Duka limeungua, Baba! Hakuna duka! Geuka uangalie! Geuka!"

Mzee akageuka. Akatazama majivu, akatazama bati moja lililokunjika, na makopo ya rangi yaliyopasuka kwa moto. Alitazama kwa muda mrefu. Kalekye akadhani sasa ameona.

"Ndiyo maana linahitaji askari," Mzee akasema. "Mahali pakiwa wazi hivi ndipo wezi hupita."

Kalekye alilitupa lile kopo chini, uji ukamwagika wote. Unga wenyewe siku hizo ulikuwa haupatikani. Akamwambia baba yake maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi, kwamba afe basi, afie hapo hapo na nguzo zake, akamwacha. Aliondoka kama alivyoondoka siku zote, shingo ngumu, bila kugeuka nyuma. Kila siku kwa wiki mbili aliondoka hivyo. Kugeuka alikuona ni kushindwa.

Aliingia kwa Mama Kaltuma kuchukua nguo chafu za Mzee, na mlangoni machozi yakamtangulia.

"Usinililie hapa," Mama Kaltuma akasema. Alikuwa Mnubi wa pale pale, aliyezaliwa katika nyumba hiyo hiyo ya vyumba sita, na yeye pia alikuwa amechoka. "Baba yako ameniita mwizi mtaa mzima ukisikia. Bado nampelekea chakula. Kama ni kulia, mimi ndiye ningelia."

"Nifanye nini, Mama Kaltuma? Nimfunge kamba?"

"Wewe humwambii kitu kingine ila aache lindo. Kila siku unakuja, acha lindo, acha lindo. Babangu alikuwa askari, na babake alikuwa askari, ndio waliotuleta hapa. Askari akiacha lindo kabla hajapokelewa, hiyo ni aibu ya kufa nayo. Zamani mtu alifungwa kwa hilo! Na huyo baba yako anakwambia kila siku, Nicanor hajafika, Nicanor hajafika. Wewe ungemwambia mama aache mtoto barabarani kwa sababu yaya hajafika?"

Kalekye akajifuta machozi kwa leso.

"Nicanor hafiki," Mama Kaltuma akaendelea, anakunja zile nguo kwa hasira, "basi leta askari mwingine ampokee. Ni hesabu gani ngumu hapo?"

Njia nzima ya kurudi Kawangware Kalekye alijisonya mwenyewe. Wiki mbili! Wiki mbili Mzee amemwambia kwa maneno mawili kile anachotaka, maneno yale yale kila siku, na yeye binti wa soja, aliyelishwa na kusomeshwa kwa lindo, ameyachukua kuwa upuuzi wa mgonjwa.

Jirani yake Wangila alikuwa soja katika nyumba ya matajiri huko Lavington. Kalekye alimkuta anafua soksi.

"Twende kesho ukampokee babangu."

"Kibera? Kesho? Hata unipe ng'ombe, siendi." Lakini Wangila hakuwa mtu mbaya. Aliingia ndani, akatoka na koti lake la kazi la zamani, kofia na mkanda. "Vaa wewe. Siku hizi kampuni zinaandika hadi wanawake. Nitakufundisha."

Akamfundisha pale uani, Waluhya na Wakikuyu wa ploti ile wakichungulia madirishani. Simama hatua mbili mbele yake. Piga saluti. Usimwite Baba, mwite afande. Usimguse. Kila kitu anachokukabidhi, kitazame, halafu ujibu "sawa."

"Na hapo ndipo watu hukosea," Wangila akasema. "Atakwambia mambo mengine si ya kweli. Duka liko wapi, sijui simiti iko wapi. Wewe jibu sawa. Usibishane. Kitu kimoja tu kikikosa sawa, lindo halijapokelewa, na hatoki. Utaweza?"

"Kwa nini nisiweze?"

Wangila akamtazama, akacheka kidogo. "Nimekaa nawe ploti moja miaka tisa, Mama. Sijawahi kusikia ukimwambia mtu sawa."

Jumanne asubuhi Kalekye alivuka tena, koti ndani ya gunia. Lukman, mwana wa Mama Kaltuma aliyekuwa dereva wa teksi, alikubali kuegesha gari kwenye lami, mwisho wa ile njia, injini ikiwa inanguruma. Mbele ya nguzo hakukubali kufika, na nani angemlaumu? Kalekye alivaa kwa Mama Kaltuma. Koti lilimfika kwenye vifundo vya miguu. Mama Kaltuma akamfunga mkanda, akamrekebisha kofia. "Mungu akuwekee breki mdomoni," akamwambia.

Mzee alimwona kutoka mbali. Akajinyoosha. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka mpya hakumwuliza kitambulisho.

Kalekye akasimama hatua mbili, akapiga saluti.

"Umechelewa," Mzee akasema.

"Barabara ni mbaya, afande."

"Nicanor?"

"Nicanor ana ruhusa. Nimeletwa mimi."

"Mwanamke?"

"Siku hizi wanaandika wanawake, afande."

Mzee akalipima koti kwa macho, akakipima na kiatu. "Hm. Dunia imebadilika. Haya."

Wakaanza kukagua. Mzee alitembea mbele, anaonyesha kwa rungu. "Simiti mifuko arobaini, imefunikwa, mvua haiingii." Kalekye akatazama majivu. "Sawa." "Mabati pale, yamefungwa mnyororo." "Sawa." "Rangi chumba cha nyuma. Mlango huo una shida, unausukuma kwa bega." Kalekye akausukuma kwa bega, hewa tupu, akajifunga tena koti. "Sawa."  Alitaka kumshika Mzee mabega na kumtikisa mpaka zile simiti na mabati zimtoke kichwani.

Vijana watatu walipita na tairi wakilisukuma kuelekea barabarani. "Afande! Leo mko wawili?" mmoja akapaza sauti. "Wakamba mnaongezeka kama chawa!" Wenzake wakacheka, lakini macho hayakucheka. Mdomo wa Kalekye ulikuwa umeshafunguka. Matusi yalikuwa tayari, ya Kikamba na ya Kiswahili. Akaona Mzee anamtazama yeye, si wao, anatazama askari mpya atafanya nini. Akafunga mdomo. Vijana wakaenda.

"Vizuri," Mzee akasema. "Hao ni kelele tu. Mwenye shida ni mmoja." Akasogea karibu, akashusha sauti. "Kuna mwanamke. Huja hapa kila siku. Ana kelele, ana matusi, jana amenimwagia uji. Anasema yeye ni binti yangu. Mwizi. Anataka nitoke getini ndiyo waingie. Akija, usimsikilize. Umesikia?"

Kalekye alisikia. Alihisi damu ikimpanda mpaka masikioni. Kilomita zote zile kwa miguu, wiki mbili za kuchanganya uji na unga wa kukopa, kufua nguo zenye mkojo, kusimama mbele ya vijana wenye mapanga na kusema nampelekea babangu chakula. Mwizi!

Mzee alikuwa anangoja. Rungu bado kwapani.

"Umesikia, soja? Usimsikilize."

Huku barabarani honi ya Lukman ikalia mara moja, kwa wasiwasi.

"Sawa," Kalekye akasema. Ilitoka imekauka kama ganda la mahindi.

Mzee akapumua. Mabega yakamshuka, na hapo hapo akawa mzee wa miaka sabini na tatu, aliyejikunja ndani ya koti. Akatoa bunda la funguo mfukoni, akamkabidhi. Akamkabidhi filimbi. Rungu akamkabidhi mwisho wa yote.

"Ofisi imesema una ruhusa ya siku saba, afande," Kalekye akaeleza, kama alivyofundishwa. "Gari liko kwenye lami. Litakupeleka Kawangware, kwa binti yako."

"Binti yangu ni mdogo," Mzee akasema. "Yuko darasa la tatu. Kalekye. Nilimpa jina la mama yangu." Akapapasa mifuko. "Nitampitishia maandazi. Hapo Kawangware maandazi yako?"

"Yako, afande."

"Basi sawa."

Mama Kaltuma alikuwa amefika na kanzu safi mkononi. Akamshika Mzee kiwiko, na huyo mzee aliyemuuma mwanamume wa kanisani akashikika kama mtoto. Kalekye akapiga hatua kuwafuata. Mzee akageuka hapo hapo, uso umekaza.

"Soja! Unakwenda wapi? Lindo umepokea!"

Ikabidi asimame. Alisimama kati ya zile nguzo mbili, ndani ya koti la Wangila, na baba yake akaenda zake polepole na Mama Kaltuma. Kila hatua kumi aligeuka kutazama kama yule askari mpya bado yuko. Naye alikuwepo. Angefanyaje? Angehama hata hatua moja, wangeanza upya.

Kitabu cha lindo kilikuwa kwenye kiti ndani ya kibanda, na kalamu imefungwa kwa uzi. Kabla ya kuondoka Mzee hakuwa amesahau kusema, "Tia sahihi." Kalekye alikichukua kwa nia ya kukitupa kwenye majivu, mahali pake hasa. Hicho ndicho kilichomla baba yake, akawaza, kitabu hiki na ujinga wake wote. Akakifungua tu ili kukichana.

Mwandiko ulikuwa wa Mzee, herufi kubwa za mtu aliyeachia shule darasa la nne. Tarehe zilikuwa zimechanganyikana, nyingine za mwaka themanini na tisa. Kufuli salama. Simiti salama. Geti limekwenda, watu wanane, filimbi imepigwa. Na katikati, karibu kila ukurasa, hiki hapa:

Mwanamke amekuja. Amekasirika. Ameondoka peke yake. Njia ni mbaya. Nimemtazama mpaka akafika lami. Salama.

Akageuza ukurasa. Mwanamke amekuja. Ameondoka. Nimemtazama mpaka akafika lami. Salama. Akageuza mwingine. Akageuza mwingine. Wa mwisho, wa jana, herufi zilikuwa zimelala: Mwanamke amemwaga uji. Analia. Vijana wako barabarani, nimesimama wanione. Nimemtazama mpaka akafika lami. Salama.

Na yeye hakugeuka hata siku moja.

Kalekye alipiga nguzo teke. Akaipiga tena, mpaka kidole kikamwuma, akamtukana Nicanor, akamtukana Waithaka, akawatukana wenye kugombea viti na vyeo huku watu wanaungua, akajitukana yeye mwenyewe kwa sauti, na mama mmoja aliyekuwa anapita na mtungi akaharakisha. Simu ikalia mfukoni. Victor. Akaizima.

Akainua macho. Kule mwisho wa njia Mama Kaltuma alikuwa anamwinamisha Mzee kichwa aingie garini. Mzee akakataa kwanza, akasimama, akageuka, akaweka kiganja juu ya macho kuzuia jua. Kalekye akajinyoosha. Akapiga saluti, mkono ukakaa hapo hapo kwenye kofia mpaka mlango ulipofungwa na gari likaondoka kuelekea Ngong Road.

Ndipo akakaa kwenye kiti cha baba yake, akaiweka kalamu kwenye karatasi, akaandika kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka:

Saa tatu na robo. Lindo nimepokea. Mzee Ndululu ameondoka. Nimemtazama mpaka akafika lami. Salama. Sahihi, Kalekye.